Akii-Bua: Askari Aliyetambuliwa Kabla Hajashinda

Afisa wa michezo asimamaye kando ya uwanja mjini Jinja au Mbale, saa mkononi na daftari kwapani, akiwatazama vijana wa jeshi au wa polisi wakikimbia, ana kazi ngumu kuliko wengi wetu tunavyodhani. Kumtaja aliyeshinda siku ile ni kazi ya mtu yeyote mwenye macho. Kumtambua atakayeshinda baada ya miaka mitano, ambaye pengine leo amefika wa nne huku akihema na kuchechemea, ndiyo kazi yenyewe. Kwa sababu hiyo tumeona vyema tuwasimulie askari wetu maisha ya marehemu John Akii-Bua, polisi aliyeipatia Uganda medali yake ya kwanza ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki. Medali hiyo inajulikana na kila mtu. Namna mwenyewe alivyotambuliwa haijulikani sana, nayo kwa maoni yetu ndiyo yenye faida zaidi kwa wasomaji wa ukurasa huu.

Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 huko Abako, katika nchi ya Walango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu, mtu wa wake wanane na watoto zaidi ya arobaini. Katika boma kubwa namna hiyo mtoto hakosi wa kushindana naye, na kijana huyu alikua akichunga ng'ombe pamoja na ndugu zake na kukimbizana nao. Damu ya michezo ilikuwamo katika ukoo: kaka yake mmoja, Lawrence Ogwang, alikwenda Melbourne mwaka 1956, Uganda ilipopeleka wanamichezo wake Olimpiki kwa mara ya kwanza, akashindana katika miruko. Lakini baba alipofariki masomo ya John yalikatika. Akafanya kazi kwa muda katika baa ya mmoja wa ndugu zake, kisha, katikati ya miaka ya 1960, akajiunga na Jeshi la Polisi.

Hapa yafaa tuseme neno juu ya Polisi wa siku zile. Kijana maskini mwenye kipaji cha riadha hakuwa na klabu ya kumlipa wala mfadhili wa kumnunulia viatu. Majeshi ndiyo yaliyokuwa klabu zake. Yalimpa mshahara, chakula, mahali pa kulala, uwanja, na zaidi ya yote yalimpa saa za kufanya mazoezi bila kuulizwa shamba litalimwa na nani. Kama Akii-Bua angebaki kuuza bia, tuna yakini kwamba dunia isingemjua.

Ndani ya Polisi alikutana na mtu wa kwanza aliyemwona kwa jicho la kujua. Mtu huyo ni Jorem Ochana, afisa wa polisi ambaye mwenyewe alikuwa mruka viunzi hodari wa yadi 440, mwenye sifa Afrika nzima. Ochana alimwona kijana mrefu, mwembamba wa kiuno, mwenye miguu myepesi, akamweka kwenye viunzi vya mita 110. Alimfundisha kwa ukali. Tatizo la warukaji wengi wachanga ni kuruka juu mno, kana kwamba kiunzi ni ukuta wa boma; na muda unaopotea hewani haurudi. Ili kumtibu ugonjwa huo Ochana aliweka ufito juu ya kiunzi, kijana akalazimika kupita katikati, kichwa chini na kifua mbele. Asiyeinama hugongwa. Akii-Bua aligongwa, akabaki na kovu katika paji la uso maisha yake yote. Lakini alijifunza kupita juu ya kiunzi kama mtu aivukaye kizingiti cha nyumba, akashinda mbio hizo fupi katika mashindano ya Afrika Mashariki na Kati.

Watu wengi wangeridhika hapo. Kijana amepatikana, anashinda, mpeni kikombe. Na kama mambo yangeishia hapo, Akii-Bua angekuwa bingwa wa kanda hii kwa miaka michache, kisha angesahauliwa.

Mwaka 1968 alikuja Uganda mwalimu wa riadha kutoka Uingereza, Malcolm Arnold, mwenye umri wa miaka 28 tu, ambaye wakati huo hakuwa na jina kubwa. Arnold alimtazama Akii-Bua akifikia hukumu mbili ambazo kwa mtazamo wa haraka zinapingana. Ya kwanza ilikuwa mbaya: kijana huyu hana kasi ya kutosha kuwa mtu wa dunia katika mita 110. Mbio hizo ni za wakimbiaji wa kasi kali. Viunzi vina urefu wa sentimita 106.7, hatua kati yake ni tatu tu, na asiyezaliwa na mlipuko wa risasi miguuni hatafika mbali hata afunzwe vipi. Ya pili ilikuwa njema: kijana huyo huyo anaweza kuwa mkuu katika mita 400 kuruka viunzi. Akamhamisha.

Tuieleze hukumu hii ya pili, maana ndani yake mna elimu. Katika mita 400 viunzi ni kumi, vya sentimita 91.4. Kutoka mwanzo hadi kiunzi cha kwanza ni mita 45, na kati ya kiunzi na kiunzi ni mita 35. Mkimbiaji hana budi kuhesabu hatua zake. Akienda hatua 13 kati ya viunzi, atafika kila mara akiongoza kwa mguu ule ule, kwa kuwa 13 ni hesabu isiyogawanyika kwa mbili. Lakini mwili huchoka, hatua hufupika, na ile 13 haifiki tena. Mrukaji anayejua kuongoza kwa mguu mmoja tu hulazimika kukimbilia hatua 15 ghafla, akikatakata mwendo kama gari linaloshuka gia mbili kwa pamoja. Yule awezaye kuruka kwa mguu wa kulia na wa kushoto sawasawa anaweza kwenda hatua 14, akabadili mguu, mwendo usikatike. Wenye uwezo huo ni wachache. Akii-Bua alikuwa mmoja wao. Mtu mwenye saa peke yake asingeuona uwezo huo, kwa sababu saa haihesabu miguu.

Mfano wa kazi hii upo karibu na Jinja. Katika barabara itokayo Kampala, kabla hujafika Mto Naili, upo mji wa Lugazi, na vijana wa mji huo mwaka 2012 walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano makubwa ya dunia ya besiboli ya watoto huko Williamsport, Marekani. Wamarekani, ambao wameifanya besiboli kuwa kazi ya mshahara kwa zaidi ya karne moja, wanao watu ambao shughuli yao yote ni kuzunguka viwanjani na kupima vijana. Wakimtazama kijana anayelinda nyasi za mbali, yule anayekimbilia mipira mirefu, humpima kwa mambo matano: anaupiga mpira mara ngapi, anaupiga kwa nguvu gani, anakimbiaje, anadakaje, na mkono wake unarusha kwa umbali gani. Kwa kila jambo huandika alama kati ya 20 na 80, na 50 ndiyo alama ya mchezaji wa wastani wa ligi kuu. Lakini hawaandiki alama moja. Huandika mbili, ya leo na ya siku zijazo. Kijana anaweza kupata 30 leo katika kupiga, na mpimaji akaandika 55 kwa baadaye, kwa sababu ameona mikono inavyokwenda, mabega yatakavyojaa, na jinsi kijana anavyokubali kukosolewa. Arnold hakuwa na daftari la namna hiyo, ila alifanya jambo lile lile. Alimpa Akii-Bua alama ndogo ya leo na alama kubwa ya kesho.

Tena ile alama ya leo ilikuwa ndogo kweli. Mwaka 1970 Uganda ilipeleka warukaji viunzi katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh. Katika mita 400 alishinda Mwingereza John Sherwood, na wa pili alikuwa askari wa mbio wa Uganda. Si Akii-Bua! Aliyepata medali ya fedha ni William Koskei, ambaye baadaye alikuja kukimbia chini ya bendera ya Kenya. Akii-Bua alifika wa nne, bila medali. Jiulizeni, ndugu askari, nani kati yenu angalimchagua wa nne badala ya wa pili? Kama fungu la fedha lingetosha kumtunza mtu mmoja tu, je, katibu wa michezo asingesema kwamba medali imekwisha kujisemea?

Arnold aliendelea naye. Mazoezi aliyompa yanatisha hata kwa askari wa miguu. Walikwenda Kabale, katika vilima vya kusini magharibi, hewa nyembamba na baridi. Huko Akii-Bua alipanda milima akiwa amevaa koti lenye uzito wa risasi wa kilo kumi na zaidi. Akaruka viunzi katika mbio ndefu za mita 1,500, na viunzi vyenyewe vikainuliwa kupita kimo cha mashindano, hata siku ya mashindano vile vya kawaida vikaonekana vifupi. Jambo hili ndilo la mwisho ambalo mpimaji hana kifaa cha kulipimia: kama kijana atarudi kesho asubuhi. Akii-Bua alirudi kila asubuhi.

Mwaka 1971 alikimbia muda bora kuliko wote duniani kwa mwaka ule, huko Marekani. Hata hivyo, mwaka 1972 ulipofika, wataalamu wa Ulaya hawakumweka miongoni mwa wanaotazamiwa sana. Walisema hana uzoefu wa mashindano makubwa. Na katika hilo hawakukosea, maana mashindano aliyokuwa amekimbia nje ya Afrika yalikuwa machache.

Fainali ilikimbiwa Munich tarehe 2 Septemba 1972. Akii-Bua alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa. Wakimbiaji wote huichukia, kwa sababu kona zake ni kali, na mtu wa miguu mirefu huvutwa nje kama lori lililojaa linapokata kona. David Hemery wa Uingereza, bingwa wa Olimpiki ya 1968 na mwenye rekodi ya dunia, aliondoka kwa nguvu. Ralph Mann wa Marekani naye alikuwamo. Hadi katikati ya mbio Hemery alikuwa mbele. Kisha uchovu ukawaingia wote, na hapo ndipo hesabu ya hatua ilipoanza kudai malipo. Waliokuwa na mguu mmoja walikatakata. Akii-Bua alibadili mguu na mwendo ukaendelea. Aliwapita katika kona ya mwisho akatoka kwenye mnyoofu peke yake, akamaliza kwa sekunde 47.82. Mann alikuwa wa pili kwa 48.51, Hemery wa tatu kwa 48.52. Hakuna binadamu aliyewahi kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48 kabla ya siku ile. Na mtu mwenyewe, baada ya kukata utepe, hakusimama. Aliendelea kuzunguka uwanja kwa furaha akiruka viunzi ambavyo havikuwapo.

Aliporudi nyumbani Serikali ya Idi Amin ilimpandisha cheo, ikampa nyumba, na barabara mojawapo ya Kampala ikapewa jina lake.

Tukilitaja jina la Amin hatuwezi kuupita mji wa Jinja kimya. Aliyempokea bingwa alikuwa yeye mwenyewe kijana aliyepimwa kwa michezo, na alipimwa huko Jinja, katika kambi ya King's African Rifles. Alijiunga na jeshi hilo mwaka 1946. Alikuwa mrefu, mwenye nguvu za ajabu, bingwa wa ngumi wa Uganda wa uzito wa juu wa kati kuanzia 1951 hadi 1960, na mchezaji wa raga. Maafisa wa Kiingereza walipendezwa. Waliona mwili, utii na vikombe, wakaona vinatosha, ingawa elimu yake ilikuwa haba. Mwaka 1959 akawa efendi, mwaka 1961 akawa luteni, miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Uganda kupata kamisheni. Mwaka 1962 kikosi chake kilituhumiwa kuwaua Waturkana katika operesheni dhidi ya wezi wa mifugo, na bado hakufikishwa mahakamani. Matokeo ya kipimo kile nchi nzima iliyaona kuanzia 1971 hadi 1979. Ochana na Arnold waliuangalia mwili wa kijana wakauliza unafaa kwa kazi gani hasa. Wale wa Jinja waliuangalia mwili wakadhani wamekwisha mwona mtu.

Turudi kwa marehemu. Mwaka 1973 alishinda medali ya dhahabu katika Michezo ya Afrika Nzima huko Lagos. Kisha bahati ikaanza kumkimbia. Mwalimu wake alikuwa ameondoka Uganda, na kuwa Mlango chini ya Amin kulikuwa hatari, kwa kuwa Rais aliyepinduliwa, Milton Obote, alikuwa Mlango pia. Umaarufu ulimlinda, haukumlinda kila mtu wa kwao. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Uganda ikiwamo, zilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya makaburu. Kususia huko kulikuwa na haki yake, nasi hatulaumu. Lakini mwenye kulipa gharama alikuwa mkimbiaji. Katika Michezo hiyo Mmarekani Edwin Moses alishinda kwa sekunde 47.64, na rekodi ya Akii-Bua ikaanguka bila mwenyewe kuwapo uwanjani kuilinda.

Vita vya 1979 vilimkuta akiwa askari wa serikali inayoanguka. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili, Jinja tarehe 22 mwezi ule ule. Akii-Bua na jamaa yake walivuka mpaka wakaingia Kenya kama wakimbizi, na bingwa wa Olimpiki akajikuta katika kambi ya wakimbizi. Aliokolewa na kampuni ya viatu ya Puma, ambayo viatu vyake alivikimbilia, ikampeleka Ujerumani Magharibi na kumpa kazi. Alikimbia tena Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, akafika nusu fainali. Umri na misukosuko vilikuwa vimekwisha kula miguu. Mwaka 1983 alirejea Uganda, akarudi katika utumishi wa Polisi, akawafundisha vijana. Alifariki tarehe 20 Juni 1997 akiwa na umri wa miaka 47, mjane, akiacha watoto kumi na mmoja. Serikali ilimzika kwa heshima za kitaifa.

Na Malcolm Arnold? Yule kijana wa miaka 28 aliyekuja bila jina alikwenda Wales, akamfundisha Colin Jackson, ambaye mwaka 1993 aliweka rekodi ya dunia ya mita 110 kuruka viunzi. Jicho lililoona kwamba Akii-Bua si mtu wa mbio hizo fupi liliweza kumwona aliye mtu wake.

Uganda ilingoja miaka arobaini kupata dhahabu ya pili ya Olimpiki. Mwaka 2012 ililetwa kutoka London na mtu mwingine wa vikosi, Stephen Kiprotich wa Magereza, aliyeshinda marathoni. Kiprotich ni mzaliwa wa Kapchorwa, katika mteremko wa Mlima Elgon, ambako barabara yake hushukia Mbale. Kutoka miteremko hiyo hiyo akaja Joshua Cheptegei wa Polisi, mshindi wa mita 5,000 huko Tokyo mwaka 2021 na wa mita 10,000 huko Paris mwaka 2024. Sifa hii ni kubwa, na inafaa isherehekewe. Ila tunaona pia hatari yake. Siku hizi kijana akishuka Mbale kutoka Sebei, mpimaji huwa amekwisha andika mbio ndefu kabla kijana hajavua shati; na kijana wa tambarare za Busoga akifika Jinja huulizwa kuhusu mpira na ngumi. Nani anayeweka kiunzi mbele yao na kutazama watakiruka kwa mguu upi? Viunzi ni ghali kidogo, ni kweli. Hata hivyo ufito na vigingi viwili vilitosha kwa Ochana.

Miaka zaidi ya hamsini imepita tangu Munich. Katika orodha ya rekodi za taifa za Uganda, kwenye mstari wa mita 400 kuruka viunzi kwa wanaume, muda ulioandikwa ni sekunde 47.82, na jina lililo mbele yake ni la polisi wa Abako.